Upepo wa radi umeezua nyumba: cha kufanya kuanzia usiku ule mpaka bati lirudi na likae

Kila vuli ikianza na kila masika ikikolea, maswali ni yaleyale. "Mabati yameruka, nianzie wapi?" "Fundi anasema tuongeze misumari, ni kweli?" "Nikiweka mawe juu ya paa si yatasaidia?" Nimeona afadhali niyajibu yote mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba ya tofali na bati kwenye maeneo mapya ya pembeni ya miji: Buswelu, Kisesa na Usagara kwa watu wa Mwanza, Chanika kwa watu wa Dar, Kibaha kwa watu wa Pwani. Huko nyumba zimesimama mbalimbali, miti imeshakatwa kupisha viwanja, na nusu ya majengo bado ni mapagale. Upepo ukishuka hauna cha kuuzuia.

Niseme mapema ninaloliamini: paa zima likiruka, kosa mara nyingi haliko kwenye bati. Liko pale kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, inapokutana na ukuta. Ukirudisha mabati bila kugusa hapo, umemnunulia upepo ujao mabati mapya.

Nadharia, kidogo tu

Wingu la radi hushusha hewa baridi kwa kasi. Ikigonga ardhi inasambaa pembeni, ndiyo maana vumbi na ubaridi hukufikia kabla ya tone la kwanza la mvua. Upepo huo ukipita juu ya paa haulikandamizi, unalivuta kwenda juu, na mvuto ni mkali zaidi kwenye kingo, pembe na mgongoni, yaani kileleni pa paa. Bati la geji 30 (geji ni kipimo cha unene wa bati) lina uzito wa kama kilo 3 kwa mita ya mraba. Upepo wa kilomita 90 kwa saa unaweza kulivuta kwa nguvu ya kilo 40 na zaidi kwa mita hiyohiyo. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne.

Matangazo ya TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, ya upepo mkali mara nyingi hutaja kilomita 40 kwa saa. Usidanganyike na namba hiyo ukiona na onyo la mvua za radi, kwa sababu dharuba moja ya wingu la radi inaweza kuzidi mara mbili ya hapo kwa dakika chache, ikapiga mtaa mmoja na kuuacha wa pili. Kimbunga kama Hidaya cha Mei 2024 kilifuatiliwa baharini kwa siku kadhaa kabla hakijafika. Wingu la radi halikupi siku, linakupa saa, wakati mwingine hata hiyo hupati.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kwa usiku wenyewe na siku mbili za mwanzo:
- tochi, simu yenye chaji na viatu vigumu (kandambili na misumari ya bati haviendani)
- glavu nene
- turubai kubwa, kubwa kuliko unavyodhani
- vipande vya mbao vyembamba vya kubania turubai, na misumari ya nchi 2 na nchi 3
- ngazi inayofika, na mtu wa kuishika

Kwa ukarabati:
- waya mnene wa mabati wa milimita 4 hivi, au utepe wa chuma. Waya wa kufungia nondo ni mwembamba, ni laini, na unaliwa na kutu haraka
- misumari ya nchi 4 na nchi 5
- misumari ya bati yenye kofia pana, au skrubu zenye mpira, ambazo ni bora zaidi
- mbao kavu zilizotiwa dawa: 2 kwa 2 za papi (mbao zinazolala juu ya kenchi, ambazo bati hupigiliwa kwake), 2 kwa 4 za kenchi
- mabati ya geji 28 ukimudu. Kadiri namba ya geji inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye bati lenyewe na utafute alama ya TBS, Shirika la Viwango, usitegemee neno la muuzaji

Nunua vifaa mwenyewe. Baada ya dhoruba mafundi wapita njia huwa wengi, na kila mmoja ana duka analotaka kukupeleka.

Hatua

1. Usipande juu mpaka radi iishe kabisa. Hesabu nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Watu wengi hukimbilia kuokoa mabati yanayoning'inia mvua ikiwa bado inanyesha, na bati lililolegea kwenye upepo linakata kama panga.

Wakati dhoruba inapiga, kaeni chumba kidogo cha katikati, mbali na madirisha na mbali na ukuta wa gebo, ule wenye pembetatu juu. Paa likiondoka, kuta za juu hubaki hazina kinachozishika, na ukuta ndio unaoua. Usiku wa Machi 3, 2015, pale Mwakata wilayani Kahama, mvua ya mawe na upepo viliua zaidi ya watu 40, wengi wao wakiangukiwa na kuta za nyumba zao. Kama nyumba ni ya tofali za udongo na imeanza kulowa, toka uende kwa jirani mwenye nyumba imara ukipata mwanya.

2. Zima umeme kwenye meini swichi. Fanya hivyo hata kama umeme umekatika mtaani, maana utarudi bila kubisha hodi. Kama sakafu ina maji au swichi imelowa, usiiguse. Waya wa TANESCO ukiwa umeanguka, chukulia kwamba una moto, weka watoto mbali, piga 180. Angalia pia bati lililoangukia waya au uzio wa seng'enge unaogusana na waya. Uzio wote unaweza kuwa na umeme, mpaka kwa jirani wa tatu. Kwa mtu aliyenaswa au kujeruhiwa kwenye kifusi, Zimamoto na Uokoaji ni 114.

3. Piga picha kabla ya kufagia. Nje pande zote nne, ndani kila chumba, na picha za karibu za pale mbao zilipong'oka. Hizi za karibu utazihitaji hatua ya 6, si kwa bima tu. Kisha toa taarifa kwa mjumbe au mwenyekiti wa mtaa siku hiyohiyo, na hakikisha jina lako limeandikwa kwenye orodha inayokwenda kwa mtendaji wa kata. Tathmini ya wilaya huanzia kwenye orodha hiyo. Nyumba isiyo kwenye orodha hairudiwi kuangaliwa.

Kama nyumba ilijengwa kwa mkopo wa benki, soma mkataba: mara nyingi kuna bima ya moto iliyolipiwa humo, na nyingi kati ya hizo hujumuisha dhoruba. Ipigie benki kabla hujaanza kukarabati.

4. Kusanya mabati na uyapange. Makundi matatu: mazima, yaliyopinda ila hayakuchanika, na yaliyochanika. La kwanza linarudi juu. La pili linafaa jiko la nje, choo au banda la kuku. La tatu ni la chuma chakavu. Kwenye nyumba za zamani sana unaweza kukuta si bati bali vigae vya asbesto. Hivyo usivivunje, usivisugue wala kuvifagia vikavu. Vilowanishe, vifunike, na umwite afisa afya wa kata.

5. Funika. Turubai lipite juu ya mgongo wa paa na kushuka upande wa pili. Likiishia katikati ya mteremko maji yatapenya chini yake. Zungushia ukingo wa turubai kwenye kipande cha mbao, kisha pigilia mbao hiyo kwenye kenchi au papi iliyobaki. Kamba peke yake haitoshi, turubai litapigapiga mpaka lichanike.

*Tahadhari:* usiweke mawe, tairi wala matofali juu ya paa. Najua utayaona kwenye kila nyumba ya tano. Jiwe la kilo 10 halizuii nguvu ya mamia ya kilo, ila likishuka na bati kwenye kitanda cha mtoto hufanya kazi yote liliyoshindwa kule juu.

Ndani, angalia dari. Dari ya jipsamu iliyojaa maji hutuna chini. Simama pembeni, itoboe kwa mti mrefu, weka ndoo. Usisubiri ianguke yenyewe usiku.

6. Soma paa lilivyoruka. Hapa ndipo ukarabati mzuri unapotengana na mbaya, na hapa ndipo mafundi wengi hawasimami hata dakika tano. Chukua picha zako, chukua fundi wako, mwangalie pamoja. Kuna aina nne za kuruka.

*Mabati yameondoka, papi zimebaki, na mashimo ya misumari kwenye bati yamechanika.* Bati ni jembamba au misumari ni michache. Hapa tu ndipo "tuongeze misumari" ni jibu la kweli.

*Mabati yameondoka na papi zake, kenchi zimebaki.* Papi zilipigiliwa kwa msumari mmoja ulionyooka kutoka juu. Msumari wa namna hiyo unashikwa na msuguano wa mbao peke yake, na kama mbao ilikuwa mbichi siku ya kujenga, ilipokauka ilisinyaa na kuuachia.

*Paa zima limeondoka na kenchi, limetua kwa jirani likiwa bado limeshikana.* Hili ndilo la kawaida zaidi kwenye nyumba mpya. Fundi alifanya kazi nzuri juu, kila kitu kimeshikana na kila kitu, isipokuwa hakuna kilichoshikana na ukuta. Kenchi zilikaa tu juu ya ukuta zikitegemea uzito wake.

*Paa limeondoka na kozi (safu) moja au mbili za tofali.* Waya ulikuwepo, lakini ulizikwa kwenye kozi ya juu. Upepo umeng'oa paa na tofali zake. Wengi huanzia hapa kulaumu tofali, wakati kosa ni kwamba waya haukufika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha.

7. Funga kenchi kwenye lenta. Nyumba zetu nyingi zina lenta ya zege juu ya madirisha, kisha kozi mbili tatu za tofali, kisha paa. Kitu kizito na kilichoshikana kwenye ukuta wote ni ile lenta. Paa lishikwe nayo.

Toboa tundu dogo kwenye ukuta chini kidogo ya lenta, mkabala na kila kenchi. Pale palipo na dirisha huhitaji tundu, waya unapita chini ya lenta moja kwa moja, ila upange kabla ya fremu kuwekwa. Pitisha waya mnene nyuzi mbili chini ya lenta, ncha za upande mmoja zipande kwa ndani na za pili kwa nje, zikutane juu ya kenchi, kisha kaza kwa kuzungusha kipande cha nondo mpaka waya uimbe ukiupiga kidole. Usizidishe ukakata. Ziba tundu kwa saruji, chimba mfereji mwembamba kwenye plasta, laza waya, funika.

Kila kenchi, pande zote mbili. Si moja ruka moja.

*Tahadhari:* kama hakuna lenta kabisa, au ukuta una ufa wa mshazari kwenye pembe, simama hapo. Mwite fundi mwashi mwenye uzoefu kwanza. Kufunga paa kwenye ukuta mbovu ni kuuandaa ukuta uondoke na paa.

8. Papi kwenye kenchi. Misumari miwili ya nchi 4 kwa kila makutano, kwa mshazari, mmoja kutoka kulia, mwingine kutoka kushoto. Juu yake funga kipande cha utepe wa chuma au waya. Katikati ya paa papi zinaweza kuachana sentimita 90. Kwenye kingo na karibu na mgongo zisizidi 60. Weka pia mbao za mshazari kati ya kenchi na kenchi kwenye kila gebo, maana bila hizo kenchi zinaweza kulalia upande mmoja zote pamoja hata kama zimefungwa chini.

9. Bati. Anza upande wa paa ambao upepo unatokea mara chache, umalizie upande unaotokea mara nyingi, ili mdomo wa kila pishano uupe upepo mgongo. Hujui unatokea wapi? Uliza wazee wa mtaa, au tazama mabati yalitua wapi.

Pishano la ubavuni liwe migongo miwili kwa bati la migongo midogo, la urefu liwe sentimita 15 hadi 20. Msumari upigwe mgongoni, si bondeni. Kwenye kingo zote, kwenye gebo na mgongoni pa paa, piga kila mgongo wa pili. Katikati kila mgongo wa tatu. Kwa bati la msauzi, lile la migongo mikubwa, kingo zote zipate skrubu kila mgongo. Piga mpaka kofia ya msumari ikae vizuri, usipige mpaka bati libonyee, kwa sababu pale lilipobonyea ndipo litakapochanikia. Kofia za mgongoni, yaani mabati yanayofunika kilele cha paa, nazo zishikwe pande zote mbili, maana zikifunguka upepo unaingia na kuanza kuchambua bati moja baada ya jingine.

10. Baraza na matundu. Paa la baraza ndilo linaloanza kuondoka, kwa kuwa liko wazi chini: upepo unalivuta juu na kulisukuma kutoka chini kwa wakati mmoja. Lijenge kama paa la peke yake, kenchi zake zisiwe mwendelezo wa kenchi za nyumba. Likishindwa, liondoke peke yake. Upenu nao usizidi sentimita 60 hivi. Najua kivuli ni kitamu, lakini upenu wa mita nzima ni mpini ambao upepo unashikia.

Halafu kuna hili la kuezeka kabla ya madirisha. Tunajenga kwa awamu, fedha ikipatikana paa linatangulia, madirisha yanasubiri mwaka mwingine. Mimi silaumu, hivyo ndivyo nyumba zetu zinavyosimama. Lakini upepo ukiingia kwenye matundu ya upande mmoja na upande wa pili umezibwa, nyumba inajaa hewa na paa linasukumwa kutoka ndani huku likivutwa kutoka nje. Kabla ya vuli ziba matundu ya upande unaotokea upepo kwa mabanzi, mabati ya kundi la pili au tofali zilizopangwa bila udongo mwingi, utazitoa baadaye. Kwa nyumba yenye madirisha, kuyafunga vumbi linapoinuka ni kazi ya nusu dakika yenye faida kuliko misumari kilo tano.

Na simtanki: likiwa tupu juu ya mnara wake linaruka. Lijaze ukisikia onyo, na ulifunge.

Ikikwama

*Paa linagonga upepo ukivuma.* Msumari umelegea. Usiurudishie nyundo kwenye tundu lilelile. Ung'oe, weka skrubu ndefu zaidi yenye mpira.

*Linavuja kwenye matundu ya zamani ya bati lililorudishwa.* Yale madogo, skrubu yenye mpira inatosha. Yakiwa mengi kwenye bati moja, lipeleke bandani.

*Umeme umerudi, taa zingine zinang'aa kupita kiasi na zingine zinafifia.* Zima meini haraka, chomoa friji na televisheni, piga TANESCO. Waya mmoja wa njia ya umeme unaweza kuwa umekatika kwenye nguzo, na vifaa vinaungua kwa dakika.

*Sina fedha ya kufunga kenchi zote.* Anza na mbili za kila mwisho wa nyumba, kisha zile zinazopakana na baraza, kisha pembe. Za katikati zifuate mwezi ukiruhusu. Waya ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha hii, kinachokula fedha ni fundi wa kutoboa, na kutoboa unaweza kufanya mwenyewe kwa patasi.

*Nyumba yangu ni ya kuficha paa, kwa hiyo niko salama?* Ukuta wa juu unaoficha paa unapunguza mvuto wa pembeni, lakini wenyewe unasimama kama ubao. Usipokuwa na nguzo ndogo za zege zilizounganishwa na lenta, unaanguka juu ya bati lako. Na mfereji wa ndani ukiziba majani, maji ya dhoruba moja yanatosha kuishusha dari.

*Mwembe wa jirani umeegemea nyumba yangu.* Mti uliolala juu ya paa usianze kuukatia chini ya shina, utageuka. Punguza matawi kwanza kutoka nchani, kwa kamba, na mtu anayejua msumeno wa moto. Mti wa barabarani, mpitie mtendaji wa mtaa kabla hujaugusa.

*Mimi ni mpangaji.* Mweleze mwenye nyumba kwa ujumbe wa maandishi wenye picha, si kwa simu tu. Ukinunua turubai kwa fedha yako, mkubaliane kwa maandishi kwamba inakatwa kwenye kodi. Vitu vyako vilivyolowa viandikishe kwa mwenyekiti wa mtaa kwa jina lako mwenyewe, kwa sababu orodha ya mwenye nyumba haikuhesabu wewe.

*Fundi amemaliza, nitajuaje amefunga kweli?* Kabla hujamlipa sehemu ya mwisho, ingia darini na tochi. Hesabu kenchi, hesabu waya. Shika kila waya kwa mkono na uuvute. Plasta isifunikwe mpaka umalize kuhesabu.